Kiapo, Kitanzi na Kaburi: Kutoka London ya 1305 hadi Kamiti ya 1957

Mhadhara uliotolewa Kamenu, Thika



Nianze na kifo kilichotokea karibu na hapa. Tarehe 24 Desemba 1953, mkesha wa Krismasi, meja mmoja wa jeshi la Uingereza alipigwa risasi akafa karibu na mji huu wa Thika, akiwa anaongoza askari wake kupambana na kikosi cha Mau Mau. Jina lake lilikuwa Archibald John Wavell. Baba yake aliwahi kuitawala India kwa niaba ya Mfalme wa Uingereza, na yeye mwenyewe alikuwa amepoteza mkono katika vita vya Burma. Kikosi chake kiliitwa Black Watch. Hicho ni kikosi cha Waskoti. Kililetwa Kenya mwaka 1953 baada ya kupigana Korea, na tangu zamani kilikuwa kikiandikisha vijana wake katika mji wa Perth, huko Dundee, na katika vijiji vya Fife na Angus.

Ushikeni huo mji wa Perth. Mwaka 1305 Mfalme wa Uingereza aliamuru kitundikwe huko kipande cha mwili wa Mskoti aliyekataa kutawaliwa naye. Mtu huyo ni William Wallace. Wengi wenu mnamjua kwa ile filamu ya Mel Gibson ya mwaka 1995, iliyozunguka vibanda vya video kila mtaa. Sasa fikirini: baada ya miaka 648, wajukuu wa watu wale wale, wakiwa wamevaa sare ya Malkia wa Uingereza, walikuwa wakisaka watu katika mashamba na vichaka vya Thika kwa kosa lile lile lililomfanya Wallace akatwe vipande.

Sikuja kuwasuta Waskoti. Askari wa kawaida hutumwa, na wengi wa vijana wale walikuwa bado wanatumikia jeshi kwa lazima ya sheria. Nimekuja kusema jambo moja. Utawala unaomnyonga mwasi hautosheki na kumuua. Unataka kwanza mahakama imwandike kuwa mhalifu, na baadaye unataka asiwe na kaburi. Wallace alifanyiwa hivyo, na Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alifanyiwa hivyo. Waskoti waliifuta hukumu yao kwa mikono yao wenyewe. Sisi yetu tumeiacha ikae, si mbali na hapa, upande wa Ruiru, ndani ya kuta za gereza la Kamiti.

Uskoti ulikuwa ufalme wenye wafalme wake. Mwaka 1286 Mfalme Alexander wa Tatu alianguka na farasi usiku, akafa. Mrithi aliyebaki alikuwa mtoto wa kike, naye akafa mwaka 1290 akiwa safarini kutoka Norway. Wakuu wakaanza kugombania kiti, na ili wasichinjane wakamwita jirani yao, Edward wa Kwanza wa Uingereza, awaamue. Edward alikubali, kwa sharti kwamba kwanza wamtambue yeye kuwa bwana wao. Mwaka 1292 akamtawaza John Balliol, akamnyanyasa kwa miaka minne, na mwaka 1296 akaivamia nchi, akamvua ufalme na kulichukua hata lile jiwe ambalo wafalme wa Uskoti walikalia siku ya kutawazwa. Akalipeleka London.

Mwaka huo huo aliwakusanya wenye ardhi na vyeo wa Uskoti ili wale kiapo cha utii kwake. Majina yao, zaidi ya 1,500, yaliandikwa katika ngozi ndefu ambazo bado zimehifadhiwa. Jina la William Wallace halimo. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu kesi yake yote imesimama hapo.

Vita vyake nitavipitia haraka. Tarehe 11 Septemba 1297, yeye na Andrew Moray walisubiri jeshi la Waingereza livuke nusu kwenye daraja jembamba la mbao huko Stirling, kisha wakalishambulia likiwa limegawanyika, huku ng'ambo wenzao wakitazama wasiweze kusaidia. Mwaka uliofuata, huko Falkirk, mishale ya Edward iliwamaliza Waskoti. Miaka saba iliyofuata Wallace aliishi kama mtu anayesakwa. Tarehe 5 Agosti 1305 alikamatwa karibu na Glasgow, na aliyemkamata alikuwa Mskoti mwenzake, John de Menteith, aliyekuwa akimtumikia Edward. Mtaona baadaye kwamba na Kimathi alipigwa risasi na Mkikuyu mwenzake. Wakoloni wa kila zama huwatanguliza wenyeji mbele, na jeraha hilo hubaki katika vijiji muda mrefu baada ya mkoloni kuondoka.

Alishtakiwa London tarehe 23 Agosti 1305, katika ukumbi wa Westminster. Walimvika taji la majani kichwani ili wamfanyie dhihaka. Hakuwa na wakili, na sheria waliyomhukumia haikumruhusu kujitetea. Masimulizi ya kesi yanasema kwamba aliposomewa shtaka la uhaini alijibu kwamba hawezi kuwa mhaini kwa Edward, kwa kuwa hakuwahi kuwa mtu wake. Jibu hilo ni la kisheria kabisa. Mhaini ni mtu aliyevunja utii aliokuwa nao. Wallace hakuapa, jina lake halimo katika zile ngozi, na mfalme wake halali alikuwa mwingine. Mahakama haikujishughulisha na hoja hiyo. Aliuawa siku ile ile.

Sasa nitaeleza jinsi alivyouawa, na akina mama mlio na watoto wadogo mnisamehe. Kila hatua ya kifo chake iliandikwa katika hukumu pamoja na sababu yake, na sababu hizo ndizo nataka mzisikie. Kwa uhaini, aliburutwa na farasi katika barabara za London mpaka Smithfield, ambako palikuwa soko la mifugo. Kwa mauaji na unyang'anyi, alinyongwa, lakini akateremshwa kabla roho haijatoka. Kwa kuchoma makanisa na kudharau vitu vitakatifu, alipasuliwa tumbo akiwa hai, na matumbo yake yakachomwa moto. Kisha akakatwa kichwa, na kiwiliwili kikagawanywa vipande vinne. Kichwa kiliwekwa juu ya daraja la London. Vipande vikapelekwa Newcastle, Berwick, Stirling na Perth, viwe onyo kwa wapita njia.

Tukisoma haya leo tunasema wale walikuwa washenzi. Ninaomba tusikimbilie hapo. Waliofanya haya walikuwa majaji, makarani na watu wa kanisa, wasomi wa enzi yao. Adhabu hii haikutoka katika hasira za wanajeshi uwanjani, ilipangwa mezani. Miaka 22 kabla yake, mwaka 1283, Edward huyo huyo aliijaribu kwa Dafydd ap Gruffydd, mwanamfalme wa Wales, huko Shrewsbury. Baada ya Wallace waliuawa ndugu watatu wa Robert Bruce, aliyetwaa ufalme wa Uskoti. Na mwanamke mmoja, Isabella, mke wa mtawala wa Buchan, kwa kosa la kumvika Bruce taji mwaka 1306, alifungiwa katika kizimba kama ndege huko Berwick kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana naliita jambo hili mpango. Kila mwili ulipelekwa mahali ambapo ungesomwa na watu fulani: Waskoti wa Perth, Waskoti wa Stirling, wakuu waliokuwa wakiyumba.

Na onyo lenyewe halikufua dafu. Edward alikufa mwaka 1307 akiwa njiani kwenda kupigana tena na Waskoti. Juni 1314, huko Bannockburn, Bruce aliliangusha jeshi la mwana wa Edward.

Turudi huku kwetu.

Thika na Ruiru zilikuwa nchi ya kahawa na mkonge ya walowezi. Treni ilifika Thika mwaka 1913, kwa ajili ya mazao yao. Watu waliokuwa na mashamba wakageuzwa kuwa maskwota na vibarua juu ya ardhi ile ile, na kipande shingoni. Vijana waliopelekwa Burma na kwingineko katika Vita vya Pili vya Dunia walirudi wakakuta wenzao Wazungu wanagawiwa mashamba, wao wakiulizwa kipande. Mnajua pia simulizi la mti wetu wa mugumo hapa Thika: kwamba Mugo wa Kibiro alitabiri utawala wa Mzungu utaanguka siku mti huo utakapoanguka, na kwamba Wazungu waliposikia wakaufunga chuma usianguke. Wazee hulisimulia, na bustani ya Mugumo bado ina jina hilo.

Nataka tuzungumze juu ya kiapo. Wallace aliuawa kwa kuvunja kiapo ambacho hakula. Miaka 648 baadaye, hapa Kenya, watu waliuawa kwa kiapo walichokula kweli. Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Katika miezi iliyofuata sheria zilibadilishwa moja baada ya nyingine. Kulisha watu kiapo cha Mau Mau kukawa kosa la kunyongwa. Kukutwa na bunduki au hata risasi moja kukawa kosa la kunyongwa. Kuwa pamoja na mtu aliyebeba silaha, hata kama wewe mwenyewe mikono mitupu, kukawa kosa la kunyongwa. Kuwapelekea chakula au msaada wapiganaji kukawa hivyo hivyo.

Sikilizeni vizuri maana ya hayo. Kwa mujibu wa sheria za Uingereza kwenyewe, wakati ule mtu alinyongwa kwa kuua. Hapa mtu aliweza kunyongwa pasipo maiti yoyote mahakamani. Serikali haikuwashtaki watu hawa kwa uasi, kwa sababu ukimwita mtu mwasi umekubali kwamba ana jambo analopigania. Wakashtakiwa kama mtu anavyoshtakiwa kwa kumiliki redio bila leseni, na adhabu ikawa kitanzi.

Kuanzia Aprili 1953 hadi Desemba 1956 kulikuwa na mahakama maalumu za Hali ya Hatari. Mwanahistoria David Anderson alizipitia kumbukumbu zake, na mwaka 2005 akachapisha hesabu. Kesi zilikuwa 1,211. Walioshtakiwa katika kesi hizo, karibu wote Wakikuyu, walikuwa 2,609. Waliohukumiwa kunyongwa walikuwa 1,574. Kwa jumla, kwa mahakama za aina zote, walionyongwa katika vita vile walikuwa 1,090. Anderson anasema hakuna mahali pengine wala wakati mwingine katika historia ya himaya ya Uingereza ambapo serikali ilinyonga watu kwa kiasi hicho, na kwamba idadi hiyo inazidi maradufu ya waliouawa kwa hukumu za Wafaransa huko Algeria.

Mzungu aliyeshtakiwa kosa la kifo nchini Kenya alikuwa na haki ya kusikilizwa na baraza la Wazungu wenzake, na uamuzi wao ulimfunga jaji. Mwafrika alipewa wazee washauri watatu, ambao jaji aliweza kuwasikiliza au kuwapuuza. Kesi nyingi zilikwisha kwa siku chache. Ushahidi mara nyingi ulikuwa wa polisi au homugadi, wanamgambo wenyeji wa serikali, na maungamo yaliyotolewa gizani. Ninasema hivyo huku nikikiri kwamba majaji wale waliwaachilia watu wengi. Hesabu ya Anderson inaonyesha karibu washtakiwa wanne katika kila kumi hawakuhukumiwa kifo. Mtu atakayeniambia kwamba mahakama zile zilikuwa maigizo matupu nitamjibu kwamba kama zingekuwa maigizo, jambo lingekuwa jepesi. Zilikuwa mahakama kweli, zenye sheria zilizoandikwa, na sheria hizo ndizo zilizoua.

Kulikuwa na jukwaa la kunyongea lililosafirishwa kutoka mji hadi mji, ili watu wanyongwe karibu na kwao. Miili ya wapiganaji waliouawa msituni, hasa makamanda, iliwekwa njia panda, sokoni na mbele ya ofisi za serikali watu waiangalie. Wengine walikatwa mikono, ikapelekwa kwa polisi kuchukua alama za vidole. Na Githunguri, hapa hapa katika kaunti yetu ya Kiambu, kile chuo cha walimu ambacho watu walikijenga kwa michango yao chini ya uongozi wa Mbiyu Koinange, serikali ilikifunga, kisha mahali pale palisimamishwa vitanzi. Palipofundishwa walimu wa shule huru pakawa mahali pa kunyongea wazazi wa wanafunzi. Mimi naona uamuzi ule ulifanywa na mtu aliyejua vizuri anachokisema kwa watu wa Kiambu, kama Edward alivyojua alipouchagua mji wa Perth.

Siwezi kusimama Kiambu nikazungumzia habari hizi na kuiruka Lari. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walivamia nyumba za homugadi na jamaa za machifu huko Lari, wakachoma nyumba wakiwa wameifunga milango, wakakata wanawake na watoto waliokimbia moto. Zaidi ya watu 70 walikufa. Usiku ule ule na siku zilizofuata, homugadi na askari wa serikali walilipiza kisasi kwa kuua watu wengi zaidi, wengi wao bila kesi yoyote. Kwa mauaji ya kwanza walionyongwa walikuwa 71. Kwa mauaji ya pili hakunyongwa mtu. Ndani ya Lari kulikuwa na ugomvi wa ardhi ulioanza serikali ilipowahamisha watu wa Tigoni kuwapisha walowezi, na kila familia ya huko inaubeba hadi leo. Nawaheshimu wafu wote wa usiku ule. Watoto waliochomwa Lari walikuwa na haki ya kupata sheria inayowalinda, na sheria iliyowajia ilichagua upande.

Nifike kwa Kimathi.

Dedan Kimathi wa Waciuri alizaliwa Tetu, Nyeri, mwaka 1920. Aliwahi kuwa mwalimu, karani na katibu wa chama cha KAU (Kenya African Union) huko Ol Kalou, kisha akaingia msitu wa Nyandarua. Huko msituni aliandika barua, aliweka kumbukumbu, aliunda baraza. Tarehe 21 Oktoba 1956, alfajiri, akiwa amevaa koti la ngozi ya chui, alipigwa risasi ya mguu na askari wa kienyeji aitwaye Ndirangu, pembeni mwa msitu. Serikali ilipiga picha yake akiwa amelala juu ya machela, mikono ikiwa na pingu, na picha ile ikasambazwa kwa vikaratasi kila mahali Mkikuyu angeweza kuiona. Hapakuwa tena na daraja la kuwekea kichwa. Kulikuwa na kamera.

Alishtakiwa Nyeri mwezi wa Novemba 1956, mbele ya Jaji Mkuu, Sir Kenneth O'Connor. Fikirini kwanza ni shtaka gani mngetarajia. Huyu ndiye mtu aliyeitwa na serikali kiongozi wa ugaidi wote. Kama kuna mtu ambaye wangeweza kumshtaki kwa vita, kwa mauaji, kwa kuasi dhidi ya Malkia, ni yeye. Walimshtaki kwa kumiliki bastola aina ya Webley Scott bila leseni, pamoja na risasi sita. Basi. Historia nzima ya ardhi, kipande, kodi, kiapo na miaka minne ya msitu ikaingizwa katika swali moja: je, ulikuwa na leseni? Mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akienda kujisalimisha. Mahakama haikumwamini. Wazee washauri watatu, Waafrika, walisema ana hatia, na jaji akamhukumu kunyongwa.

Mimi ninaona hapa ndipo penye werevu wote wa hukumu za kikoloni. Wallace walimwita mhaini, na neno hilo lenyewe likamwachia jibu, kwamba hakuwa mtu wa Edward. Jibu lile lilidumu, na ndilo Waskoti wanalolikumbuka. Kimathi hakupewa hata shtaka linaloweza kujibiwa hivyo. Mtu hawezi kumjibu jaji wa bastola kwa kusema, "Sikuwahi kuwa mtu wa Malkia wako." Angeambiwa arudi kwenye swali. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipoandika ile tamthilia yao, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Mzalendo Kimathi, walimpa katika jukwaa kesi ambayo mahakama ilimnyima. Naelewa kwa nini waliona lazima ifanyike.

Rufani ilikataliwa mwezi wa Desemba, na ombi lake la kusikilizwa London likakataliwa Januari. Mkewe, Mukami, alikuwa kizuizini Kamiti, upande wa wanawake. Jioni kabla ya kufa, Kimathi aliandika barua kwa padri mmoja Mwitaliano wa Nyeri, Padri Marino. Katika barua hiyo alishukuru kwa kutembelewa, akataja habari za masomo ya mwanawe, na kuomba mkewe aangaliwe. Asubuhi ya tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa Kamiti hapo hapo. Alikuwa na miaka 36. Tarehe 21 Machi mwaka huo huo, mwezi mmoja baadaye, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kupunguza makosa ya kunyongwa nchini mwao, kwa kuwa wananchi wao walikuwa wameanza kuchoka na kitanzi.

Mwili wake ulizikwa ndani ya gereza, mahali pasipo alama. Hakukuwa na haja ya kuukata. Kuutawanya mwili wa Wallace katika miji minne na kuuficha mwili wa Kimathi chini ya udongo wa Kamiti ni kazi moja: ndugu wasipate mahali pa kusimama. Kwa watu wanaomwita marehemu kwa jina, wanaomwagia pombe ardhini, wanaosafisha kaburi la mzee kabla ya arusi, hukumu ya namna hiyo huwa haimaliziki siku ya kunyongwa. Inaendelea kwa watoto na wajukuu.

Si Kenya peke yake. Wajerumani waliikata kichwa maiti ya Mkwawa wa Wahehe mwaka 1898, na fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954 tu, wakati vitanzi vyetu vikiwa kazini. Mangi Meli wa Wachagga alinyongwa Moshi mwaka 1900 pamoja na wenzake, na watu wake bado wanakitafuta kichwa chake Ujerumani. Koitalel arap Samoei wa Wanandi aliuawa mwaka 1905 katika mazungumzo ya amani. Lakini kwa upande wa kumbukumbu, Watanzania wametutangulia: kila tarehe 27 Februari watu wa Songea hukutana kwenye makaburi ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, wakiwa na makumbusho yao hapo hapo, na viongozi wa nchi wanakwenda.

Waskoti walifanyaje? Mwaka 1869 walifungua mnara mrefu juu ya mlima karibu na Stirling, mahali pa vita vya daraja. Mwaka 1956 waliweka jiwe la kumbukumbu ya Wallace ukutani huko Smithfield, London, pale pale alipopasuliwa. Zingatieni mwaka huo: 1956. Katika mwaka mmoja, London iliruhusu mwasi wa zamani aheshimiwe kwa jiwe, na Nyeri ikamhukumu mwasi wa siku zile kwa bastola isiyo na leseni. Mwaka 1996 hata lile jiwe la kutawazia wafalme lilirudishwa Uskoti, baada ya miaka 700. Leo hakuna mtoto wa Perth anayefundishwa kwamba Wallace alikuwa mhaini.

Sisi tulipata Uhuru mwaka 1963, na Mau Mau ikabaki chama kilichopigwa marufuku. Amri ya mkoloni ya mwaka 1950 ilidumu miaka 40 chini ya bendera yetu, hadi serikali ya Mwai Kibaki ilipoiondoa mwaka 2003. Kwa miaka yote hiyo, mzee aliyetoka msituni hakuweza kuandikisha chama chake kihalali. Mwaka 2007, katika siku ya kutimiza miaka 50 ya kifo cha Kimathi, sanamu yake iliwekwa katika mtaa wenye jina lake Nairobi. Kuna chuo kikuu chenye jina lake. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni kwao, na kukubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya wazee 5,228 waliokuwa wameteswa. Nafurahi kwamba wazee wale walipata kitu. Lakini fidia hiyo iliwahusu walioteswa wakanusurika. Walionyongwa kwa hukumu za mahakama hawakuwa na wa kuwasemea katika kesi ile, kwa sababu katika karatasi bado ni wahalifu waliohukumiwa kihalali.

Mukami Kimathi aliomba mwili wa mumewe kwa marais wote, mmoja baada ya mwingine. Alifariki Mei 2023, akazikwa Njabini, Nyandarua. Alizikwa peke yake. Tumempa Kimathi sanamu, mtaa na chuo kikuu. Kaburi hatujampa.

Na sheria yenyewe iko wapi? Kitanzi kipo bado. Tangu mwaka 1987, waliponyongwa Kamiti wanajeshi wa jaribio la mapinduzi la 1982, hakuna aliyenyongwa. Marais wamebadilisha hukumu za maelfu kuwa vifungo vya maisha, na tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Upeo, katika kesi ya Muruatetu, ilisema kifo kisiwe adhabu ya lazima kwa mauaji. Lakini kifungu cha 40 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhukumu mhaini kifo, na maneno yake kuhusu anayewaza au kukusudia kifo cha mkuu wa nchi yametoka moja kwa moja katika sheria ya mwaka 1351 ya Edward wa Tatu, mjukuu wa yule Edward aliyemuua Wallace. Nchi iliyozaliwa na watu waliokula kiapo cha kuasi bado inalinda kiti chake kwa maneno ya mfalme yule.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, na ninayaomba kwa dhati. Bunge liifute adhabu ya kifo, likianza na kifungu hicho. Serikali iifukue ardhi ya Kamiti kwa utaalamu, mbele ya familia, na mabaki ya Kimathi na wenzake yatakayotambulika yarudishwe kwao. Yasiyotambulika yazikwe pamoja nje ya kuta za gereza, majina yote 1,090 yakiwa yameandikwa juu ya jiwe. Hukumu zilizotolewa kwa kulisha kiapo na kwa kuwa na watu wenye silaha zifutwe kwa sheria, jina kwa jina.

Na ninyi wa Kamenu, wengi wenu mna nyanya na babu waliokuwa watoto wakati wa Hali ya Hatari, na wanaojua nani katika kijiji chao alichukuliwa asirudi. Waulizeni mwaka huu. Andikeni jina, kijiji, mwaka na mahali alipoonekana mara ya mwisho, pamoja na jina la aliyewasimulia, na mpeleke nakala kwenye Hifadhi ya Kumbukumbu ya Taifa, Nairobi. Msibague: andikeni wa msituni, andikeni na homugadi wa Lari.